Umbali na Muda wa Safari ya Ndege Kati ya Viwanja Viwili vya Mbali: Jinsi ya Kuhesabu Mwenyewe

Chukua viwanja viwili vilivyo pembezoni kabisa mwa dunia: Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard vya Norway, na Nuuk, mji mkuu wa Greenland. Ukiandika majina hayo kwenye kikokotoo cha mtandaoni, jibu linakuja papo hapo: kilomita 2,630 hivi, safari ya saa tatu na nusu na ushei. Umbali huo ni sahihi. Lakini huo muda ni wa ndege ambayo haipo. Abiria wa kawaida anayetoka Longyearbyen kwenda Nuuk hushuka kwanza Oslo, akaenda Copenhagen, kisha akavuka Atlantiki kurudi tena kaskazini, na mwisho wa yote amekaa angani zaidi ya kilomita 6,000.

Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Kati ya miji mikubwa, umbali wa mstari mnyoofu na muda wa safari hufuatana vizuri, kwa hiyo tumezoea kuuliza la kwanza ili tupate la pili. Kwa viwanja vya mbali hayo ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina hesabu yake. Nitayachukua moja moja, na jozi hiyo ya Longyearbyen na Nuuk itakuwa mfano wetu, pamoja na mingine michache pale inapofaa.

Utahitaji karatasi, kalamu na kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Kilicho kwenye simu kinatosha. Kwa simu nyingi ukiilaza upande, vitufe hivyo hujitokeza.

Hatua ya 1: Tambua kiwanja, usiishie kwenye jina la mji

Karibu kila kiwanja kinachopokea abiria kina msimbo wa herufi tatu wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani), ule unaouona kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi, na vingi vina msimbo wa herufi nne wa ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga) unaotumiwa na marubani na waongoza ndege. Longyearbyen ni LYR na ENSB. Nuuk ni GOH na BGGH. Herufi GOH zimetokana na jina la zamani la Kidenmaki, Godthåb.

Usiruke hatua hii. Kanada pekee ina St. John's (YYT), iliyoko Newfoundland, na Saint John (YSJ), iliyoko New Brunswick. Kuna Sydney ya Australia (SYD) na Sydney ya Nova Scotia (YQY). Hesabu yako inaweza kuwa safi kabisa, tena ya mji mwingine.

Angalia pia tarehe ya taarifa unayosoma. Hadi Novemba 2024, njia ya kurukia ya Nuuk ilikuwa fupi, mita 950, na ndege kubwa kutoka Denmark zilitua Kangerlussuaq (SFJ), abiria wakahamia ndege ndogo. Tarehe 28 Novemba 2024 njia mpya ya mita 2,200 ilifunguliwa, na tangu hapo ndege kubwa kutoka Copenhagen hutua Nuuk moja kwa moja. Maelezo yoyote ya kabla ya hapo yatakupitisha Kangerlussuaq na kukuongezea saa ambazo huzihitaji tena.

Hatua ya 2: Andika latitudo na longitudo kwa desimali

Vyanzo vingi huandika mahali kwa nyuzi (digrii), dakika na sekunde. Kiwanja cha Longyearbyen kiko 78°14′46″ Kaskazini na 15°27′56″ Mashariki. Hii si 78.1446! Dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3,600:

14 ÷ 60 = 0.2333
46 ÷ 3,600 = 0.0128
Jumla: 78.246

Ukifanya hivyo kwa namba zote nne unapata:

Longyearbyen: latitudo 78.246, longitudo 15.466
Nuuk: latitudo 64.191, longitudo −51.678

Alama ya kutoa kwenye longitudo ya Nuuk inatokana na kuwa magharibi mwa Greenwich. Kusini mwa ikweta nako latitudo huwa na alama ya kutoa. Ukisahau alama hiyo moja, Nuuk inahamia Urusi, nawe hutajua kwa sababu kikokotoo hakitalalamika. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, tazama ramani na ujiulize: huyu yuko kaskazini au kusini, mashariki au magharibi? Sekunde kumi zinatosha.

Hatua ya 3: Pata umbali wa duara kuu

Ukiwa na tufe la dunia, anza nalo. Chukua uzi, bana ncha moja kwa kidole pale Svalbard, uvute hadi Nuuk mpaka ukaze. Utaona uzi haufuati mistari ya latitudo. Unapita juu ya Greenland yenyewe, ukikata barafu. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe, na huitwa mstari wa duara kuu. Pima uzi, kisha ulinganishe na urefu wa uzi unaozunguka ikweta, ambao ni kilomita 40,075. Kwa jicho na uzi tu unakaribia ukweli kuliko mtu aliyepima kwa rula kwenye ramani ya ukutani.

Sasa hesabu yenyewe. Kanuni ni hii:

cos(D) = sin(latitudo ya 1) × sin(latitudo ya 2) + cos(latitudo ya 1) × cos(latitudo ya 2) × cos(tofauti ya longitudo)

D ni pembe kati ya viwanja hivyo viwili ikipimwa katikati ya dunia. Tofauti ya longitudo kwa mfano wetu ni 15.466 − (−51.678) = 67.144. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye nyuzi na si radiani: ukibonyeza sin 30 ukapata 0.5, uko sawa.

sin 78.246 × sin 64.191 = 0.97903 × 0.90025 = 0.88137
cos 78.246 × cos 64.191 × cos 67.144 = 0.20371 × 0.43537 × 0.38842 = 0.03445
Jumla = 0.91582

Bonyeza cos⁻¹ ya 0.91582, upate nyuzi 23.68. Kila digrii moja ya duara kuu ni kilomita 111.2 hivi, kwa hiyo:

23.68 × 111.2 = kilomita 2,633

Ukitaka maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia, zidisha nyuzi kwa 60: maili 1,421. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na haikuwekwa hivyo kwa bahati tu. Ilitokana na dakika moja ya latitudo.

Kanuni hii huchukulia dunia kama tufe kamili, ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha. Kosa linalotokana na hilo halizidi nusu ya asilimia hivi, yaani kilomita kumi na kitu kwenye mfano wetu. Kwa kupanga safari, achana nalo. Ila kwa umbali mfupi sana kanuni hii hudhoofika, maana cos ya pembe ndogo hukaribia 1 na tarakimu za kikokotoo huisha. Safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray huko Orkney, Scotland, ni kilomita 2.7 tu, ya dakika kama mbili. Hapo chukua ramani ya eneo na rula.

Kwa nini nimesisitiza tufe? Jaribu kufanya makosa kwa makusudi. Chukua tofauti ya latitudo, nyuzi 14.06, na tofauti ya longitudo, nyuzi 67.14, uzichukulie kama pande mbili za pembetatu kwenye karatasi bapa. Utapata nyuzi 68.6, zaidi ya kilomita 7,600. Karibu mara tatu ya ukweli! Sababu ni kwamba mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyosogea kwenye ncha. Kwenye ikweta digrii moja ya longitudo ni kilomita 111. Kwenye latitudo ya 60 ni nusu yake. Longyearbyen ni kilomita 23 hivi tu. Viwanja vingi vya mbali viko kaskazini sana au kusini sana, na huko ndiko ramani bapa inakodanganya zaidi.

Hatua ya 4: Geuza umbali kuwa muda, kwa ndege inayoruka huko kweli

Vikokotoo vingi huchukulia kwamba unasafiri kwa jeti kubwa. Kwenye viwanja vya mbali mara nyingi si hivyo. Tafuta aina ya ndege kwenye ratiba ya shirika, kisha tumia mwendo wake. Kwa makadirio:

Twin Otter: kilomita 300 kwa saa, wakati mwingine chini ya hapo
Cessna Caravan: kilomita 340
ATR 72: kilomita 500
Dash 8-400: kilomita 650
Airbus A320, Boeing 737, Embraer 190: kilomita 830
Boeing 787: kilomita 900

Gawanya umbali kwa mwendo, kisha ongeza nusu saa. Hiyo nusu saa ni ya kutembea ardhini kabla ya kuruka, kupanda, kushuka, kujipanga na uwanja na kuegesha. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena, kwa hiyo nusu saa hiyo imo ndani yake.

Angalia tofauti. Kilomita 600 kwa jeti ni dakika 43 na nusu saa, yaani saa 1 na dakika 13. Kilomita hizo hizo kwa Twin Otter ni saa 2 na nusu saa juu yake. Mtu aliyepangiwa kukaa saa moja akakaa mbili na nusu, kwenye ndege isiyo na choo, atakuwa na la kusema.

Njia halisi nayo huwa ndefu kuliko duara kuu kwa asilimia chache, kwa sababu ndege hufuata njia zilizopangwa na hukwepa hali mbaya ya hewa. Mimi huongeza asilimia 5 kwa safari fupi na huacha kama ilivyo kwa ndefu, isipokuwa kuna anga iliyofungwa. Hilo likitokea, asilimia hazisaidii tena. Mashirika ya Ulaya yalipozuiwa kupita anga ya Urusi mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa tisa na nusu hivi ilikaribia saa 13, na hakuna mji hata mmoja uliohama.

Hatua ya 5: Weka upepo kwenye hesabu

Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mwendo wake kwa kawaida ni kilomita mia moja na kitu kwa saa, na huweza kuzidi mia mbili. Ndege inayoelekea mashariki hubebwa. Inayoelekea magharibi hupambana nao.

Mfano mzuri ni Mataveri (IPC), kiwanja cha Kisiwa cha Pasaka, na Santiago (SCL), mji mkuu wa Chile. Ukitumia kanuni ya hatua ya 3 utapata kilomita 3,750. Tuseme mwendo wa ndege ni 830 na upepo kwa wastani ni 80:

Kwenda kisiwani, magharibi: 3,750 ÷ 750 = saa 5, na nusu saa
Kurudi bara, mashariki: 3,750 ÷ 910 = saa 4 na dakika 7, na nusu saa

Tofauti ni karibu saa nzima, na inakaribiana na ratiba zinavyoandikwa. Wengine hudhani upepo unakuchelewesha kwenda na kukulipa wakati wa kurudi, mambo yakawa sawa. Hayawi sawa. Unapopingana na upepo unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko unapobebwa nao, kwa hiyo jumla ya kwenda na kurudi daima huwa ndefu kuliko kama kusingekuwa na upepo. Kwa hiyo kikokotoo kinachokupa namba moja kwa pande zote mbili hakijahesabu upepo hata kidogo.

Hatua ya 6: Sahau mstari mnyoofu, tafuta njia iliyopo

Hii ndiyo hatua ninayoomba uipe muda kuliko zote.

Fungua orodha ya mashirika na miji inayohudumiwa na kila kiwanja. Kiwanja cha mbali huwa na orodha fupi, na ufupi huo ni msaada kwako. Longyearbyen huunganishwa na Norway bara, yaani Oslo na Tromsø. Nuuk ina Copenhagen. Andika orodha mbili hizo pembeni kwa pembeni na utafute mji ulio kwenye zote mbili. Usipoupata, tafuta ndege inayounganisha mji wa orodha ya kwanza na mji wa orodha ya pili. Kwa mfano wetu ni Oslo hadi Copenhagen. Kisha rudia hatua ya 3 na ya 4 kwa kila kipande:

Longyearbyen–Oslo: kilomita 2,013, saa 2 na dakika 56
Oslo–Copenhagen: kilomita 517, saa 1 na dakika 7
Copenhagen–Nuuk: kilomita 3,541, saa 4 na dakika 46

Jumla ni kilomita 6,071, mara 2.3 ya mstari mnyoofu, na karibu saa 8 na dakika 50 za kukaa ndani ya ndege. Hujaongeza bado hata dakika moja ya kusubiri.

Sasa uliza swali ambalo hakuna kikokotoo kinacholiuliza: ndege inaruka siku gani? Ndege za kibiashara kwenda kisiwa cha Saint Helena (HLE), katikati ya Atlantiki ya Kusini, zilianza tarehe 14 Oktoba 2017. Mwaka huo huo ikaanzishwa safari ya kuendelea hadi kisiwa cha Ascension (ASI), umbali wa kilomita 1,300. Kwa jeti hiyo ni safari ya saa mbili. Lakini ilipangwa mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo aliyechelewa siku moja, umbali wake na Ascension haukuwa tena saa mbili. Ulikuwa wiki nne.

Kwa hiyo, kwenye karatasi yako, mbele ya kila kipande andika siku za wiki ambazo ndege ipo, na msimu kama ni wa kiangazi tu. Anza kupanga kutoka kwenye kipande chenye siku chache zaidi. Hicho ndicho kinachoamua. Vingine vyote vitajipanga kukizunguka. Wengi huanza na kipande cha kwanza kwa sababu ndicho wanachokiona, wakanunua tiketi, kisha wakagundua kwamba ndege ya mwisho iliondoka jana yake.

Angalia pia kama ndege inatua njiani kujaza mafuta. Ndege ya kutoka Johannesburg kwenda Saint Helena imekuwa ikitua Walvis Bay, Namibia, kwa ajili hiyo, lakini inaporudi haihitaji. Sababu ni kwamba ikifika kisiwani na upepo ukaizuia kutua, lazima iwe na mafuta ya kurudi bara. Hii ni kawaida ya viwanja vilivyojitenga. Kanuni za ICAO husema kwamba ndege ya jeti inayoelekea kiwanja kilichojitenga, kisicho na kiwanja mbadala cha karibu, ibebe mafuta ya kuiwezesha kukaa saa mbili zaidi juu ya kiwanja hicho. Mafuta hayo ni uzito, na uzito huo wakati mwingine hulipwa kwa kupunguza abiria na mizigo. Begi lako la pili likiachwa nyuma, huenda sababu ni hiyo.

Kuna jambo jingine linalopinda njia. Ndege ya injini mbili lazima wakati wote iwe ndani ya muda fulani kutoka kiwanja inachoweza kutua endapo injini moja itazimika. Kiwango cha msingi ni dakika 60. Ndege na mashirika yaliyothibitishwa huruhusiwa 120, 180 na hata zaidi. Juu ya bahari tupu, ndege isiyo na kibali kikubwa hulazimika kuzunguka ili isitoke nje ya mipaka hiyo, na duara kuu linabaki kwenye karatasi tu.

Hatua ya 7: Ongeza muda wa kusubiri, na uangalie nyaraka

Tiketi moja kwa safari nzima na tiketi tatu za mbalimbali ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiwa na tiketi moja, shirika limekwisha kukupangia muda wa kubadilisha ndege, na ukichelewa kwa sababu ya kipande cha kwanza, wao ndio wenye jukumu la kukufikisha. Ukiwa na tiketi tofauti, ndege ya pili haikujui, itaondoka. Begi nalo utalichukua mwenyewe na kulipeleka kaunta upya.

Kwa tiketi moja, weka angalau saa mbili kila unapobadilisha. Kwa tiketi tofauti, mimi sipangi chini ya saa tano, na kama kipande kinachofuata kinaruka mara chache kwa wiki, napanga kulala. Mfano wetu, kwa kusubiri saa mbili Oslo na saa mbili Copenhagen, unafikia jumla ya saa 12 na dakika 50. Hiyo ni kama ratiba zitakubaliana siku hiyo. Zisipokubaliana unalala Copenhagen, na safari inakuwa ya siku mbili.

Svalbard iko nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao), ingawa ni ya Norway, na Greenland nayo iko nje, ingawa ni ya Ufalme wa Denmark. Oslo na Copenhagen ziko ndani. Kwa hiyo abiria wetu anatoka nje, anaingia ndani, kisha anatoka tena. Anayehitaji viza ya Schengen na aliyekwisha kuitumia kuingia mara moja akielekea Svalbard atahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Foleni ya pasipoti nayo ina dakika zake.

Hatua ya 8: Hesabu saa za ukutani mwisho kabisa

Muda wote kwenye tiketi ni wa mahali ndege inapoondokea au inapofikia. Kosa la kawaida ni kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tuseme ndege inatoka Copenhagen 09:00 na safari ni saa 4 na dakika 45. Copenhagen itakuwa 13:45 inapotua, lakini Nuuk iko nyuma kwa saa 3, kwa hiyo saa ya ukutani Nuuk ni 10:45. Kwenye tiketi inaonekana kama safari ya saa moja na dakika 45. Kurudi, ikitoka Nuuk 10:45 na kuruka saa 4 na robo, inatua 18:00 ya Copenhagen, nayo inaonekana kama saa saba na robo. Safari ni ile ile.

Njia salama ni moja: geuza kila saa kuwa ya UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia), fanya hesabu yote huko, kisha rudisha kwenye saa ya mahali. Na kwa sisi tunaozungumza Kiswahili, kuna hatua ya ziada. Tiketi huandika 09:00, mdomoni tunasema saa tatu asubuhi; 10:45 ni saa tano kasorobo; 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Usichanganye mitindo hiyo katikati ya hesabu. Kaa na tarakimu za tiketi hadi mwisho, na ugeuze pale tu unapomwambia mtu aje kukupokea.

Ukivuka mstari wa tarehe, andika na tarehe. Kutoka Faleolo (APW), Samoa, hadi Pago Pago (PPG), Samoa ya Marekani, ni kilomita 150 tu. Samoa iliuruka mstari huo mwishoni mwa 2011, ikaifuta tarehe 30 Desemba kwenye kalenda yake, na sasa visiwa hivyo vimepishana kwa saa 24 kamili. Ukiondoka Faleolo Jumanne asubuhi, unafika Pago Pago Jumatatu asubuhi. Hoteli uliyoiweka kuanzia Jumanne usiku haitakuwa na chumba chako.

Hatua ya 9: Acha nafasi ya hali ya hewa

Kila kiwanja kina adui yake, na ukimjua utajua uongeze kiasi gani. Lukla, Nepal, iko mita 2,845 juu ya usawa wa bahari na njia yake ni mita 527 tu, imelala mlimani. Ndege huruka asubuhi kwa sababu mchana mawingu na upepo hufunga. Ndege ya mchana kule usiipangie kitu. Barra, Scotland, ndege za ratiba hutua ufukweni, juu ya mchanga, na maji yakijaa njia za kurukia zinazama. Ratiba yake hufuata kupwa na kujaa kwa bahari, kwa hiyo saa za kuondoka hubadilika siku hadi siku. Saint Helena tatizo ni upepo unaogeuka ghafla karibu na ardhi, jambo lililochelewesha kuanza kwa ndege za abiria baada ya kiwanja kukamilika mwaka 2016.

Kwa kiwanja chenye ndege kila siku, naacha siku moja ya ziada kabla ya jambo lolote lisiloweza kusubiri, iwe meli, mkutano au mazishi. Kwa kiwanja chenye ndege mara moja au mbili kwa wiki, siku ya ziada haitoshi. Acha nafasi ya ndege nzima inayofuata. Dawa unazotumia kila siku ziwe kwenye begi la mkononi, za kutosha hadi ndege hiyo ya pili. Na asubuhi ya safari, kabla ya kutoka, angalia kwenye tovuti ya shirika kama ndege inayokuja kukuchukua imeruka kutoka kule inakotoka. Kwenye viwanja hivi mara nyingi ni ndege hiyo moja inayokuja na kugeuza, na kama haijaondoka huko, na wewe hutaondoka hapo.